Moduli Iliyokataa Kuingia

Ninyi mnaoanza kazi ya mitambo hapa Kisangani mnaniita Papa Rama, na mnakuja nyumbani kwangu kuniuliza moduli ipi ni nzuri. Swali hilo silipendi. Jibu ninalo, lakini kila nikilitoa namkumbuka mtu, na siku yangu inaharibika. Leo nitalijibu kwa urefu, mara moja, halafu mtaniacha nile pondu yangu ya majani ya muhogo kwa amani.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe, maana kati yenu wapo walioingia kazini juzi. Moduli ni kidude cha chuma unachokishika kwa vidole viwili. Upande mmoja kinaingia kwenye tundu la mashine. Upande wa pili unachomeka uzi wa kioo, ule tunaouita fibre. Moduli inageuza umeme wa mashine kuwa mwanga, na mwanga unaotoka mbali inaugeuza kuwa umeme tena. Bila moduli mashine ni bubu, na fibre ni kioo tu kilichozikwa ardhini.

Umbo la moduli ndilo linaloamua itaingia tundu gani. SFP niliyoanza nayo ilikuwa ndogo kama kidole. Ikaja QSFP, pana zaidi, yenye njia nne ndani yake. Halafu zikaja zile za kasi kubwa kabisa, na hapo watengenezaji wakagawanyika. Wengine wakatoa QSFP-DD, ambayo tundu lake linapokea pia QSFP za zamani. Wengine wakatoa OSFP, nene kidogo, yenye mapezi ya chuma mgongoni ya kutolea joto, na tundu lake halipokei nyingine. Katalogi itawaambia kwamba zote mbili zinabeba kasi ile ile. Ni kweli. Katalogi haidanganyi, inanyamaza tu.

Mimi niliingia kwenye fibre nikiwa tayari na mvi. Nilitoka kwenye simu za waya, nikapitia redio za minara, na wakati wenzangu wa rika langu wanarudi kulima Opala au kufungua vibanda vya kuuza sabuni, mimi nikapelekwa kwa mwalimu mpya. Mwalimu mwenyewe alikuwa mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Ingénieur Béatrice, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, aliyesoma akafaulu akarudi nyumbani, jambo ambalo si wengi wanalifanya. Sisi tulimwita Béa. Yeye aliniita Papa kama mnavyoniita ninyi, kisha akanigombeza kama mwanafunzi.

Siku ya kwanza aliniona nimeshika ncha ya fibre, naipuliza kwa mdomo kutoa vumbi.

"Papa Rama! Unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Unaipaka mate. Na mate yako iko na samaki ya jana. Fibre haikule samaki, Papa."

Akanipa kitambaa maalumu na kalamu ya kusafishia, akanionyesha ncha ile kwa kioo cha kukuzia. Niliona utando wa mate yangu umetanda juu ya kioo kama mafuta juu ya mchuzi. Tangu siku hiyo sijapuliza. Ninyi pia msipulize, na msichungulie ndani ya fibre kutafuta mwanga. Mwanga ule hauonekani kwa jicho, lakini wenyewe unaliona jicho.

Mara nyingine fundi mwenzetu alikuwa na njia fupi isiyofanya kazi, kutoka jengo moja hadi jengo la pili. Akatoa moduli ya kawaida, akaweka ile ya kurusha mwanga mbali, ya masafa ya kutoka hapa hadi kijiji cha tatu. Haikukubali. Akatafuta yenye nguvu zaidi. Béa alipofika alisimama nyuma yake akatazama, mikono kiunoni.

"Unamumulikia mutu tochi ndani ya macho," akamwambia, "kisha unamuuliza juu ya nini haone."

Fundi yule alikuwa ameiua moduli ya upande wa pili kwa mwanga mwingi. Mwanga ukizidi unapofusha. Kila njia ina masafa yake, na kila masafa yana moduli yake. Hilo liandikeni popote mnapoandika mambo yenu.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa lingine. Alikuwa akisema kwamba kabla hujauliza moduli inakimbia kiasi gani, uliza inakula umeme kiasi gani, inatoa joto kiasi gani, na ikifa nani atakuwa karibu nayo, na mkononi atakuwa na nini. Nilisikia maneno hayo mara nyingi mpaka nikayazoea, kama unavyozoea kelele za maporomoko ya Tshopo ukikaa jirani.

Sasa njooni ng'ambo ya mto, Lubunga. Pale mwisho wa nyumba, barabara inapoelekea Yanonge, kampuni yetu ilikuwa na kibanda cha mitambo. Fibre inavuka mto kutoka mjini, inaingia kibandani, inatoka kufuata barabara. Minara yote ya upande ule, hadi Yanonge na mbele yake, ilitegemea kibanda hicho. Na jambo hili watu hawalijui: mtu wa Yanonge akimpigia jirani yake wa Yanonge, nyumba hadi nyumba, sauti yake inakuja kwanza mpaka Kisangani, kwenye mashine kuu, ndipo inarudi. Kibanda kikifa, jirani hamsikii jirani.

Wakubwa wakaamua kuongeza kasi ya njia hiyo, kwa sababu walitaka siku moja iendelee hadi Opala, hata Yahuma. Uamuzi ulikuwa mzuri. Mashine mpya ikawa lazima, na swali likawa lile mnaloniuliza ninyi: umbo gani?

Directeur wetu wa mitambo sitamtaja jina. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi hodari, mzaliwa wa mashariki, aliyefanya kazi miaka mingi katika miji ambayo vyumba vya mitambo vina baridi mpaka watu wanavaa koti. Alitaka OSFP. Béa alitaka QSFP-DD. Walibishana mbele yangu katika chumba cha mikutano, na nitawapa maneno yao kama nilivyoyasikia.

"OSFP iko na mapezi," Directeur alisema. "Inajipoza. Ile yako inabana joto."

"Inajipoza na hewa gani, Monsieur le Directeur? Ya katalogi ao ya Lubunga?"

"Kibanda iko na climatiseur," akajibu, yaani kiyoyozi.

"Climatiseur inakula courant, umeme mingi. Courant ya Tshopo ikienda, batri inabeba mashine, haibebe climatiseur. Yale mapezi itapulizwa na hewa ya moto."

"Groupe iko pale. Inawaka yenyewe," akasema, akimaanisha jenereta.

"Iko. Na siku ikikataa?"

Directeur alicheka, bila dharau. "Siku ikikataa, utaenda kuiamsha."

"Bon. Donc tuchukue tundu yenye kupokea moduli ya zamani," Béa akasema. "Ile ya kasi ikizimika, nachomeka ndogo. Itapunguza kasi, likambo te, si kitu. Watu wa Yanonge wanaomba tu kusema allo."

Directeur akashika paji la uso. Alikuwa na hoja pia, vijana, msimhukumu haraka. Alisema hatuwezi kujenga njia ya miaka ijayo kwa kufikiria tundu la miaka iliyopita. Alisema moduli nene, mahali penye baridi, inaishi muda mrefu kuliko nyembamba. Yote kweli. Mwisho akaamua OSFP, na uamuzi ulikuwa wake kisheria.

Béa akaomba mambo mawili. La kwanza, mashine ya zamani ibaki kibandani ikiwaka, na moduli zake ndogo. Directeur akakataa, akisema itakula batri bure. La pili, kuna kipande cha chuma kinachovishwa QSFP ili iweze kuingia katika tundu la OSFP, akaomba kiagizwe. Hilo likakubaliwa. Kikaagizwa. Kikawa njiani. Vijana, katika nchi yetu "njiani" ni mahali ambapo kitu kinaweza kuhamia na kuzeeka.

Tukafunga mashine mpya. Ilikuwa nzuri, siwadanganyi. Taa zake za kijani, kelele za feni zake kama nyuki, na kasi ambayo watu wa njia ile waliiona wakafurahi. Mashine ya zamani tukaivusha mto, tukaiweka stoo. Béa alizifunga moduli zake ndogo, zile QSFP, katika kitambaa kikavu, akaziweka ndani ya mfuko wake wa kazi, na hakuzitoa tena humo.

Msimu wa jua kali ukaja. Maji ya Tshopo yakapungua, mitambo ya bwawa lake la umeme ikaanza kusumbua kama kawaida yake, na umeme ukawa unakuja na kuondoka. Mara nyingi jenereta ya kibanda iliwaka yenyewe. Asubuhi moja umeme ulikatika na jenereta ikakataa. Mafuta yalikuwa na maji ndani. Batri zikabeba mashine. Climatiseur ikalala. Jua likapanda juu ya mabati ya kibanda, na moduli zile nene zikaendelea kufanya kazi na kutoa joto, chumba kikachemka, na karibu na adhuhuri zikafanya kile zilichoumbwa kufanya zikizidiwa na joto: zikajizima zenyewe zisiungue.

Mjini tuliona kwenye kioo cha kompyuta minara ya njia ya Yanonge inageuka myekundu, mmoja baada ya mwingine. Béa alichukua mfuko wake kabla sijasimama.

Kivuko kilikuwa ng'ambo, kinasubiri gari. Tukachukua mtumbwi, tukavuka, tukapanda pikipiki mbili za abiria hadi kibandani. Mlinzi alikuwa amekaa kivulini, amevua shati. Béa alipofungua mlango hewa ilitoka kama unapofunua sufuria.

Tukaacha mlango wazi. Tukavunja kufuli la dirisha. Moduli zikapoa kidogo, taa zikawaka kijani, tukashangilia. Kabla hatujafunga midomo zikazimika tena. Zikawaka, zikazimika. Hewa ya nje yenyewe ilikuwa moto, na feni zilikuwa zinameza hewa ile ile. Béa alimpigia Directeur, maana upande huo bado tulipata mnara wa mjini.

"Moduli inaanguka na joto," akamwambia. "Inarudi, inaanguka."

Sikusikia jibu lote. Nilisikia "subirini ipoe."

Béa akakata simu. Akafungua mfuko, akakunjua kitambaa, akatoa zile moduli ndogo. Nzima, safi, za kutosha. Zingefanya kazi katika joto lile bila shida, maana zinakula umeme kidogo na kutoa joto kidogo. Akazishika mkononi mbele ya matundu. Mimi nilichukua moja nikaijaribu, kama mtu anayejaribu ufunguo wa nyumba nyingine. Ikakaa legelege ndani ya tundu, haikushika; kile kipande cha kuivisha kilikuwa bado njiani.

"Usisukume, Papa," akasema taratibu. "Haiingie. Tulijua haiingie."

Kilichobaki ni kurudi mjini, kuichukua mashine ya zamani stoo, kuivusha mto na kuifunga. Mimi nikaenda, yeye akabaki akipambana na jenereta, akitoa mafuta yenye maji kwa kikopo. Sitawachosha na safari hiyo. Stoo ilikuwa imefungwa, mwenye ufunguo kaenda kula. Mashine ilikuwa nzito. Mtumbwi ulikuwa unajaa abiria kwanza. Kila mahali nilisukuma, nikaomba, nikagomba, na niliporudi jua lilikuwa limeanza kuinama.

Tulifunga mashine haraka. Béa alisafisha kila ncha, hata siku hiyo, hata kwa haraka ile. Akachomeka moduli ndogo. Taa ikawaka, ikatulia. Ya pili ikatulia. Nikasikia mlinzi nje anapiga makofi. Béa aliketi sakafuni, mgongo ukutani, uso umepakaa mafuta ya jenereta, akatabasamu.

"Leo mudogo wangu atanicheka," akasema. "Atafika na sura yangu iko hivi."

Mdogo wake, Nicole, alikuwa ametoka Yanonge asubuhi ile kwa baleinière, ile mashua kubwa ya mbao yenye injini, anakuja kukaa kwa dada yake aanze masomo. Béa alikuwa amempikia makemba, zile ndizi kubwa, tangu jana.

Ndipo simu yake ikaanza kulia. Haikuwa mlio wa mtu anayepiga, ilikuwa ni ujumbe kufuata ujumbe, bila kupumua. Ujumbe wote ambao watu wa Yanonge walikuwa wameutuma tangu adhuhuri, ukakaa ndani ya simu zao ukisubiri njia, ulikuwa unapita sasa kwenye taa zile mbili tulizoziwasha. Béa akabonyeza wa kwanza. Ilikuwa sauti ya mama yake.

"Béa, shika simu. Béa! Baleinière imezama nyuma ya kisanga, ile kisiwa kati ya mto. Nicole iko ndani. Watu wanapiga makelele. Mutumbwi ya moteri ya watu wa afya iko hapa ku bord ya mto, lakini dereva iko mbali kwa shamba lake, simu yake haiite. Hakuna simu yenye kuita. Wewe uko mujini, mupigie. Mupigie atoke mbio."

Béa hakusikiliza wa pili. Alikuwa na namba ya dereva yule, ni mtu wa kwao. Akapiga. Vijana, ile simu iliita mara moja tu na mtu akapokea. Alikuwa na sauti ya mtu aliyepumzika.

"Allo? Béa? Habari ya mujini?"

Alikuwa shambani mchana kutwa, simu mfukoni. Hakuwa na habari yoyote. Béa alimwambia kwa maneno machache, na tukasikia jembe likianguka na miguu ikikimbia, kabla simu haijakatika.

Kisha akasikiliza ujumbe wa pili. Mama yake alikuwa anahema. Wavuvi wameingia majini kwa mitumbwi ya makasia, alisema, lakini kisanga kiko mbali na maji yanakwenda kwa nguvu, wanaleta watu, mmoja mmoja, Nicole bado. Ujumbe wa tatu ulikuwa mrefu na ndani yake hapakuwa na neno, ni upepo tu na watu wakilia kwa mbali. Katika wa mwisho mama yake alikuwa ametulia.

"Béa, usikimbie tena. Walirudisha mitumbwi."

Nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi. Sikujua niiweke wapi. Béa alikaa pale pale sakafuni, akapanguza simu kwa kile kitambaa cha kusafishia fibre, akaipanguza tena na tena, ingawa haikuwa na kitu.

Baadhi ya abiria waliokolewa na wale wavuvi. Wengine mto uliwarudisha siku zilizofuata. Nicole hakurudishwa. Waliteremka mto wakiuliza kijiji hadi kijiji, mpaka Isangi, na hakuna aliyemwona.

Matanga yalikuwa Yanonge, bila jeneza. Tuliketi chini ya turubai la buluu, wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili, na padri alisema maneno yake huku mama yake Béa akitazama mto. Mimi ni Mwislamu, nilisoma dua yangu moyoni, na hakuna aliyeniuliza. Directeur alikuja. Alikuja mwenyewe, kwa pikipiki, na suruali yake nzuri yenye matope hadi magoti. Alikaa karibu na Béa muda mrefu. Mwisho akasema jambo ambalo nadhani alilifikiria njia nzima.

"Béatrice, baleinière ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kila mutu anasema vile."

"Ndiyo," Béa akajibu. "Baleinière njo ilizamisha watu. Sisi tulifunga tu mulango."

Hakupaza sauti. Directeur aliinamisha kichwa.

Nilifikiri Béa ataacha kazi. Baada ya matanga alirudi siku ya kawaida, saa ya kawaida, akafungua kompyuta. Aliongea kidogo. Alikuwa anakula peke yake. Sisi mafundi, watu wa maneno mengi, tulijifunza kunyamaza tunapopita mlangoni pake. Mara moja nilimletea liboke ya samaki, waliofungwa kwa majani na kuchomwa, kutoka sokoni kama nilivyozoea. Akanishukuru, akaisogeza kando bila kuifungua, na mimi mpumbavu ndipo nikakumbuka samaki wa mto wanakula nini. Sikuleta tena.

Kisha ikaja habari kwamba makao makuu wanataka kuagiza mashine zile zile, zenye matundu yale yale, kwa vibanda vyote vilivyobaki vya kuelekea Opala. Directeur ndiye wa kutia sahihi. Béa aliingia ofisini kwake nami nikiwa pale.

"Siombe mingi," akasema. "Kuja kibandani saa sita ya muchana. Tutazima climatiseur, tutafunga mulango, tutakaa ndani. Moduli yako ikivumilia, tia sahihi."

Directeur angeweza kukataa. Alikubali papo hapo, na kwa hilo namheshimu hadi leo.

Béa alikuwa amepanga kila kitu. Mashine ya OSFP ilikuwa inawaka katika kibanda, lakini haikubeba simu za watu, na moduli zake zilikuwa zinatumiana namba za majaribio tu. Sauti za watu zilikuwa kwenye mashine nyingine tuliyoazima, yenye matundu ya QSFP-DD, na ndani yake Béa alikuwa amechomeka zile moduli ndogo za zamani. Mashine mbili, rafu moja, hewa moja. Tukazima climatiseur. Mlinzi akatufungia kwa nje, akitutazama kama watu waliorogwa.

Tuliketi juu ya masanduku ya batri yaliyotupwa. Mwanzoni Directeur alikuwa na koti. Akalivua. Akalegeza tai, akaivua. Akavua viatu. Mimi nilivua kofia yangu na shati, nikabaki na singlendi, na kama ingekuwa siku nyingine tungecheka, wazee wawili tukivua nguo mbele ya mwanamke. Hakuna aliyecheka. Jasho lilikuwa linadondoka puani. Feni za mashine zikaanza kulia juu zaidi na zaidi. Béa hakuvua kitu. Alikaa amekunja mikono, anatazama taa.

Moduli ya kwanza yenye mapezi ikazimika. Directeur akasimama, akaigusa mgongo, akaondoa mkono haraka. Ya pili ikazimika. Ya tatu. Akaangalia mashine ya pili. Taa zake zilikuwa kijani, hazitikisiki.

Mtataka kujua iliishaje. Vibanda vya njia ile vilipewa matundu yanayopokea moduli za zamani, na kila kimoja kikawekewa moduli ndogo ndani ya kisanduku kikavu ukutani. OSFP zikabaki mjini, penye baridi, na zinafanya kazi vizuri sana mpaka leo. Béa alihama baadaye, yuko mji mwingine, kazi ile ile. Directeur alistaafu kabla yangu.

Lakini siku ile, ndani ya kibanda, Directeur alikuwa bado na swali moja. Alikuwa fundi, na fundi hutaka kuona kwa macho yake.

"Na sauti?" akauliza. "Inapita bado, kweli? Yanonge inasikia?"

Béa alitoa simu, akatafuta namba, akapiga, akaweka sauti ya nje ili tusikie sote. Iliita mara moja. Mwanamke mzee akapokea, na tukamtambua wote wawili, mimi na Directeur.

"Béa?" Pumzi zilikuwa fupi, kama aliyekimbilia simu. "Béa, mulimupata?"

Directeur aliketi. Jasho lilikuwa linatoka machoni mwake, au sijui kama ni jasho.

"Hapana, Mama," Béa akasema. "Nilitaka tu kujua kama simu inapita."

Tulisikia kuku wa Yanonge, na mtu akitwanga.

"Inapita," mama akasema. "Nakusikia muzuri."